Dawa ya Nyaboke na Kikohozi cha Metrine

Ukitaka kujua watu wanakupenda kiasi gani, kohoa mbele yao. Nyaboke alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale machimboni.

Machimbo yenyewe yako kilimani, nyuma kidogo ya mji wa Sori. Wanaume huingia mashimoni kutafuta mawe yenye dhahabu. Wanawake hukaa juu, chini ya vibanda vya mabati na magunia. Huyaponda mawe hayo kwa nyundo mpaka yawe unga. Vumbi jeupe hupanda tangu asubuhi. Jioni ukimwona mwanamke wa machimbo, hutajua kama kichwani ana mvi au ana vumbi.

Wanawake huponda wawili wawili. Desturi ya pale ni moja: kinachoingia katika karai la wawili hugawanywa sawa. Hata kama mwenzako aliumwa asubuhi nzima, mpe nusu yake. Mwenye uji hugawa uji. Mwenye ndizi huikata katikati. Ni desturi nzuri. Nyaboke, ambaye wote walimwita Mama Cliff kwa jina la mwanawe, alikuwa mjane aliyetoka Kisii, na hakuwa na ndugu hata mmoja karibu. Desturi hiyo ndiyo iliyokuwa ukoo wake.

Kisha akaanza kukohoa.

"Ni vumbi tu," wakamwambia. "Kunywa maziwa, Mama Cliff. Yatasafisha kifua."

Pale kilimani kila mtu hukohoa, na kila mtu huamini maziwa. Nyaboke akanywa maziwa. Kikohozi hakikusikia. Wiki zikapita. Usiku alitokwa na jasho mpaka shuka ikalowa, na mwili ukaanza kupungua. Mwishowe Dolphine, mhudumu wa afya wa jamii, akampeleka kituo cha afya. Makohozi yake yakapimwa. Ilikuwa TB, yaani kifua kikuu.

Muuguzi wa pale, Sista Liz, alimpa dawa bila malipo. Vidonge vinne kila asubuhi, kwa miezi sita. Alimweleza mambo mengi. Nyaboke aliitikia "ndiyo, sista" kila mara, lakini masikio yake hayakuwepo. Alikuwa akijiuliza kitu kimoja tu: nani atakaa na mimi sasa?

Hofu yake haikuwa ya bure. Habari zilifika kilimani kabla yake. Kule kwenye ploti alikopanga chumba, majirani waliondoa ndoo zao kwenye mfereji alipokuja kuteka maji. Kanisani, siku ya Sabato, benchi lake likabaki na yeye peke yake. Ryoba, msimamizi wa kibanda, alilibeba jiwe lake la kupondea na kulipeleka pembeni kabisa, juani.

"Si kwa ubaya, mama," Ryoba alisema. Alikuwa akiangalia pembeni.

Mtu mmoja tu alimfuata huko juani. Alikuwa Metrine, mwenzake wa karai, msichana mrefu mwenye maneno mengi aliyetoka upande wa Asumbi. Aliburuta jiwe lake mpaka karibu na la Nyaboke, akakaa, akachukua nyundo.

"Sasa mbona unaniangalia hivyo, Mama Cliff?" aliuliza. "Haya mawe yatajiponda?"

Nyaboke aliinama ili machozi yake yasionekane. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na siku ile rafiki alikuwa na jina.

Alimeza dawa zake. Baada ya wiki chache kikohozi kilipungua, na hamu ya chakula ikarudi. Alianza kujiona mzima.

Lakini asubuhi moja akasikia kikohozi kingine. Alikuwa Metrine.

"Umeanza lini?" Nyaboke aliuliza.

"Ni vumbi."

"Hata mimi nilisema ni vumbi. Nenda kwa Sista Liz upimwe."

Metrine aliweka nyundo chini. "Yawa, nipimwe ndio Ryoba anifukuze? Si unaona vile wamekufanyia? Wewe una mtoto mkubwa huko Rongo. Mimi nikifukuzwa hapa, narudi Asumbi kukaa kwa dada yangu kama mzigo." Alikohoa tena, kisha akasogea karibu. "Nisaidie na yako. Wewe si umepata nafuu?"

"Sista alisema nimalize zote."

"Utamaliza. Mbili zako, mbili zangu. Kwani leo ndio tumeanza kugawana?"

Nyaboke aliwaangalia wanawake wengine kivulini, wakicheka wawili wawili. Akajiona ameketi juani peke yake, bila mtu wa kumwambia hata "haya mawe yatajiponda?" Aliogopa upweke ule kuliko alivyoogopa TB. Wahenga walisema upweke ni uvundo, na Nyaboke alikuwa amekwisha kuinusa harufu yake.

"Sawa," akasema.

"Na hutamwambia mtu?"

Nyaboke alikuwa Msabato na hakuzoea kuapa. "Ndiyo yangu ni ndiyo," alisema.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi walikutana nyuma ya kibanda. Vidonge viwili vilienda huku, viwili kule. Walimeza kwa maji ya chupa moja na kurudi kazini. Nyaboke alihisi kwamba ametenda wema.

Mwezi haukuisha kabla ya kikohozi kumrudia. Jasho la usiku likarudi nalo. Mwanawe Cliff, anayefanya kazi katika hoteli ndogo kule Rongo, alimpigia simu Jumamosi jioni, jua lilipokwisha kuzama na Sabato kumalizika.

"Mama, nasikia unakohoa tena."

"Ni vumbi, baba."

"Unameza dawa?"

"Nameza."

Simu ilipokatika, Nyaboke aliketi kitandani akiwa ameishika mkononi. Hakuwahi kumdanganya Cliff. Sasa hata mwanawe alikuwa mbali naye, na aliyemsukuma ni yeye mwenyewe.

Jumatatu Dolphine alifika mlangoni kwake.

"Oyawore, Mama Cliff," alimsalimia kwa Kijaluo, wala hakungoja jibu. Alikuwa amekisikia kikohozi tangu nje. "Nyasaye, Mungu wangu! Hiki ni nini tena? Chukua leso yako. Twende kwa sista sasa hivi."

Kituoni, Sista Liz alimpima uzito. Ulikuwa umeshuka. Akachukua makohozi ili yapimwe tena. Kisha akaketi mbele yake, karibu na dirisha lililo wazi.

"Mama, unazimeza vipi hizi dawa?"

"Asubuhi."

"Ngapi?"

Nyaboke aliangalia vidole vyake. Ukucha mmoja ulikuwa mweusi kwa kupigwa na nyundo. "Mbili," alisema kwa sauti ndogo.

Sista hakumgombeza. Alichukua kidonge kimoja na kukiweka kwenye kiganja chake.

"Angalia hiki. Unakiona ni kimoja, lakini ndani kina dawa nne tofauti. Ndiyo maana tunaiita dawa mseto. Viini vya TB ni vikaidi. Dawa moja peke yake haiviwezi. Zikiwa nne, kinachoikwepa hii kitauawa na ile. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Sasa, idadi ya vidonge inatokana na uzito wako wewe. Ukimeza nusu, unaua vile viini dhaifu tu. Vile vyenye nguvu vinabaki na vinaizoea dawa. Ni sawa na kumpiga nyoka nusu ukamwacha aende. Atarudi akiwa na hasira, na ile fimbo haiogopi tena. Hiyo ndiyo TB sugu. Matibabu yake ni magumu zaidi, na mtu anaweza kufa."

"Lakini sista, nilikuwa nimepata nafuu."

"Nafuu si kupona. Kikohozi hupoa mapema, viini bado viko. Ndiyo maana tunasema miezi sita, hata kama unajisikia una nguvu za kubeba kilima." Akasogea kidogo. "Hizo mbili nyingine zinaenda wapi, mama?"

Nyaboke alivuta leso yake mabegani.

"Unazigawana na nani?"

Nje, mtu alikuwa akiteka maji kwenye tangi. Nyaboke alisikiliza maji yale yakijaza ndoo. Alimwona Metrine akiliburuta jiwe lake juani. Alikumbuka neno alilompa. Akilitoa jina lile, atabaki bila mtu kabisa. Alilijua hilo wazi, na kifua kilimuuma kwa sababu ambayo haikuwa TB.

"Sitakulazimisha," Sista Liz alisema. "Lakini nisikie. Mtu huyo hajapimwa. Huenda hana TB, basi anakula dawa kali bure, na hizi dawa zinaweza kuumiza ini. Huenda anayo, basi nusu dozi itamlea yule nyoka ndani yake. Sisi tukijua, tutamtibu bure. Tusipojua, mficha maradhi kifo humuumbua. Tena hakitamuumbua yeye peke yake."

Dolphine alimshika bega. Ulikuwa muda mrefu tangu mtu yeyote amguse Nyaboke, na mkono ule ukamaliza ubishi wote.

"Ni Metrine," alisema. Kisha akalia kwa sauti, bila aibu, mpaka mgonjwa aliyekuwa nje akachungulia.

Alipotulia, Sista Liz alimweleza upya. Safari hii masikio yake yalikuwepo. Meza vidonge vyako vyote kwa pamoja, saa ileile kila siku, asubuhi kabla ya kula, kwa maji. Ukisikia kichefuchefu, njoo uniulize, usiache. Mkojo ukiwa na rangi ya chungwa usiogope, ni dawa. Lakini macho yakiwa ya manjano, au ukitapika sana, au ukiona ukungu, au miguu ikifa ganzi, njoo siku hiyohiyo. Pombe usiguse.

"Hata Msabato asiyekunywa namwambia," Sista alisema, na Nyaboke akacheka kidogo katikati ya machozi.

"Na ukitumia dawa nyingine yoyote, hata ya kupanga uzazi, tuambie. Lingine ni hili: TB inaenda kwa hewa, mtu akikohoa. Haiendi kwa sahani wala kikombe. Funika mdomo, fungua madirisha. Ukimeza vizuri, baada ya wiki chache huambukizi mtu tena. Tutapima tuhakikishe."

Jioni hiyo Dolphine alikwenda kumtafuta Metrine. Kabla giza halijaingia, Metrine alisimama mlangoni kwa Nyaboke, macho mekundu.

"Uliniambia ndiyo yako ni ndiyo."

"Metrine, ingia tuongee."

"Tuongee nini? Mimi nilikufuata juani! Wote walikukimbia, mimi nikakufuata! Na wewe umenisema kwa sista." Kikohozi kilimkaba, akashika mlango. "Mungu anakuona."

"Nenda upimwe. Nakuomba. Niko chini ya miguu yako."

Lakini Metrine alikuwa amekwisha kugeuka. Asubuhi chumba chake kilikuwa wazi. Alikuwa ameondoka, na hakuna aliyejua alikokwenda. Dolphine aliulizia mpaka Asumbi kwa dada yake, akaambiwa hajaonekana huko.

Majibu ya Nyaboke yalichukua siku kadhaa, na siku hizo zilikuwa ndefu. Yalipokuja, Sista Liz alitabasamu. Viini vyake havikuwa vimeizoea dawa. Nyoka alikuwa bado anaiogopa fimbo. Daktari aliamua aanze dozi upya, tangu mwanzo, miezi sita mizima.

Nyaboke alimpigia Cliff na kumweleza kila kitu.

"Mama, mbona hukuniambia uko peke yako hivyo?"

"Ningekwambia, ungefanya nini?"

Kuanzia kesho yake, Cliff alimpigia kila asubuhi kabla hajawasha jiko la hoteli. Nyaboke alimeza vidonge vyake vyote vinne mwanawe akisikiliza. Kisha simu ilikatika, na chumba kikawa kimya tena.

Dolphine hakukaa bure. Alifika machimboni na kuwakusanya watu. Aliwaambia kwamba maziwa ni chakula kizuri lakini hayajawahi kuosha mapafu ya mtu. Vumbi la mawe linayadhoofisha mapafu, na TB inapenda mapafu dhaifu. Ryoba aliuliza maswali mengi, na mwisho akawa wa kwanza kutoa makohozi yapimwe. Waliondoa magunia upande mmoja wa kibanda ili upepo upite. Wakaanza kuyamwagia mawe maji kabla ya kuyaponda, na vumbi likapungua. Mtu mmoja kutoka mashimoni aligunduliwa ana TB, akaanza dawa mapema.

Baada ya miezi miwili makohozi ya Nyaboke yalipimwa, yakawa safi. Ryoba mwenyewe alilirudisha jiwe lake kivulini.

"Karibu, mama," alisema, na safari hii alimtazama usoni.

Watu wakamsalimia. Lakini kila mwanamke alikuwa na mwenzake tayari. Nyaboke aliponda peke yake. Mchana alikunywa uji wake peke yake, na mara nyingine aligeuka kusema neno, akakuta hakuna wa kuambiwa. Usiku alijiuliza kama Metrine yuko hai. Alijua amefanya jambo la haki. Lakini haki haikumpunguzia upweke hata kidogo.

Mwezi wa mwisho wa dawa zake, Dolphine alifika kilimani na kumwita pembeni.

"Nina neno moja la kukupa, Mama Cliff. Mengine usiniulize, maana siri ya mgonjwa si yangu. Kuna mtu yuko Asumbi kwa dada yake. Mhudumu wa huko ndiye aliyempata. Huyo mtu anauliza kama Mama Cliff bado yuko hai."

Nyaboke alikaa chini pale pale, juu ya mawe.

Jumapili alifika Asumbi. Alimkuta Edinah, dada yake Metrine, akifua nguo uani. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka.

"Yuko jikoni kule nyuma," Edinah alisema. "Tumempa sahani yake na kikombe chake. Asubuhi nasimama hapa nje namuuliza, umemeza? Anasema amemeza. Mimi na watoto hatuingii."

Jiko lilikuwa kibanda cha udongo chenye mlango mfupi. Metrine alikuwa ameketi juu ya mkeka, amepungua mpaka shingo imekuwa ndefu zaidi. Alimtazama Nyaboke, kisha akatazama ukuta.

"Kumbe uko hai."

"Niko hai."

"Ulinisema."

"Nilikusema," Nyaboke alijibu. "Na leo ningekusema tena."

Aliketi mkekani, bega kwa bega na Metrine. Kuku aliingia, akadonoa karibu na miguu yao, akatoka.

"Unameza?" Nyaboke aliuliza.

"Siku zingine. Hapo kwanza nilikuwa nameza vizuri. Nilipimwa, wakasema siambukizi tena. Lakini hawa hawaamini. Sasa asubuhi zingine naviweka mkononi naviangalia tu. Naona, hata nikipona, narudi kwa nani?" Alionyesha mlango kwa kidevu. "Hakuna mtu anaingia huku, Mama Cliff. Hakuna mtu."

"Najua," Nyaboke alisema. Alikuwa na haki ya kulisema neno hilo. "Nilikugawia dawa kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu. Sikukuhurumia wewe, nilijihurumia mimi. Halafu nikabaki peke yangu vilevile. Lakini nilimeza zote, na nimekuja hapa kwa miguu yangu. Ningeacha, leo ungeuliza habari zangu kaburini."

Jioni Edinah alishtuka kuona mgeni anatandika mahali pa kulala jikoni.

"Utalala naye humo ndani?"

"Nitalala naye. Tumekunywa chai kikombe kimoja pia," Nyaboke alisema. "Mama, hii si ugonjwa wa sahani. Iko kwa hewa, na dawa ikimezwa vizuri hata hewa haina kitu. Kliniki wamempima, si wamekuambia? Mtu anakufa kwa kuacha dawa. Na dada yako anaiacha kwa sababu unamuuliza ukiwa nje."

Edinah alirudi nyumbani kwake polepole.

Asubuhi Nyaboke alileta maji. Metrine alivitoa vidonge vyake, akaviweka kiganjani, akavitazama.

"Sijakusamehe," alisema.

"Sawa. Meza."

"Ukirudi Sori, nitameza nani akiniangalia?"

Sori ilikuwa mbali, na Nyaboke alikuwa mtu mmoja. Alimshikilia maji tu. Metrine akavitia vidonge vyote mdomoni, akanywa, akafumba macho mpaka vikashuka.

Hapo wakasikia nyayo. Edinah alikuwa amesimama nje, mahali pake pa kila siku. Lakini leo hakuuliza kitu. Alikuwa ameshika birika la chai kwa mikono miwili, na hakujua aliweke wapi.

Metrine alimwona kupitia mlango ule mfupi.

"Ingia, dada," alisema. "Nimeshameza."

Edinah akainama, akaingia.